Gari la Kitanga Lililotapika Oili Kila Asubuhi

Vijana wangu wa gereji, siku ile mnaniaga kwa soda na keki mlinikalia kooni: "Mama Gasketi, andika, usiende nyumbani na mambo yote kichwani." Haya. Ovaroli nimeitundika mwaka huu wa 2015, nimekaa kibarazani kwangu hapa Kasulu, naandika. Habari za vyeo mkamuulize aliyevipata. Mshahara ulikuwa unakuja unaondoka, sina la kuueleza. Nitawaeleza injini zinazopumua, kwa sababu hapo niliwashinda wengi na sioni aibu kusema. Mnataka mtu ashinde halafu anyamaze? Thubutu!

Ufundi nilifundishwa na Mzee Abdala, mtu wa Pangani aliyeletwa huku milimani na biashara, akaoa, akasahau kurudi. Alikuwa na duka la spea Kasulu mjini na gereji nyuma ya duka. Mimi msichana wa Kiha, nimetoka chuo cha ufundi, cheti mkononi, sketi imepigwa pasi. Alinitazama juu mpaka chini, akanipa ndoo ya dizeli na brashi. "Osha hizo nozeli, binti yangu. Cheti tutakitazama jioni." Jioni hakukitazama, na mpaka leo hajakitazama. Lakini alinifundisha kusikiliza gari kabla ya kulifungua, na kumsikiliza dereva hata kama anaongea upuuzi, maana yeye ndiye anayelala na kuamka nalo.

Kabla sijaenda mbali, niseme hii pumzi ni kitu gani, kwa sababu kuna wanaolitaja neno kila siku na hawajui wanataja nini. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda, imevaa ringi zake ili moto wa juu usipenye kwenda chini. Sasa hata injini mpya kabisa, moshi kidogo unapenya pembeni mwa ringi, unaingia kwenye tumbo la injini, kule kwenye krenki na oili. Lazima upate pa kutokea. Ndiyo maana kuna mpira wa kupumulia, ambao unatoka juu ya injini na kuunga kwenye njia ya hewa, moshi urudi ukachomwe. Ringi zikilika, moshi unazidi, tumbo linajaa, oili inaanza kutafuta mlango: kwenye sili zinazoizuia isivuje, kwenye tundu la kijiti cha kuipimia, popote. Hapo fundi anatangaza kwamba injini inapumua, na mwenye gari anashika tama, kwa sababu dawa yake ni kushusha injini nzima.

Kipimo cha mitaani mnakijua wote. Injini inanguruma, unafungua mfuniko wa oili, unaugeuza, unaulaza juu ya tundu lake. Ukirukaruka na kudondoka, ringi zimekwisha. Ukitetemeka kidogo tu, ringi ni nzima. Mzee Abdala aliniongezea kitu kimoja ambacho wengi hawana. "Pumzi ya kwanza usiiamini," aliniambia. "Ile ilikuwa imefungiwa humo ndani, lazima itoke na hasira. Laza mfuniko, kunja mikono, ngoja ya pili." Nikamuuliza, ningoje mpaka lini? Akasema, "Mpaka uchoke, halafu ungoje tena kidogo." Mzee yule alikuwa na subira ya kukera.

Baadaye nikaajiriwa kwingine, na mwaka 2012 nikahamishiwa gereji ya Kibondo. Siku ya kwanza nafika na begi langu la spana, mkuu wa gereji, mtu mwema lakini mwenye haraka zake, akanionyesha meza ya stoo. "Mama, utakaa hapa. Funguo hizi." Nikamwambia mimi ni fundi wa injini. Akasema, "Ego, ego," ndiyo hiyo ya Kiha ya mtu asiyekusikiliza, akaondoka. Nikatia funguo mfukoni, nikavaa ovaroli, nikaenda kwenye pikapu moja ya mahindi iliyotoka Gwarama, wanaume wameizunguka wanabishana. Huyu nozeli, yule gasketi, mwingine anasema dizeli imechanganywa na maji. Nikaomba waiwashe. Nikalaza mfuniko, ukaruka. Nikaulaza tena, nikakunja mikono, ukaruka tena. Na tena. "Ringi," nikasema, "na moja imevunjika." Waliposhusha injini, ringi ilitoka vipandevipande, mmoja wao akapiga mluzi. Siku hiyohiyo mkuu alianza kutafuta mtu mwingine wa stoo. Funguo nilikaa nazo wiki nzima, hakuna aliyethubutu kuniomba.

Kibondo ndiko nilikoboresha kipimo kingine, cha kutia maji kwenye mpira. Mzee Abdala alikuwa anatumia mpira mweupe wa kupitishia petroli, mgumu, hauonyeshi kitu. Mimi nikaenda hospitali nikaomba mpira wa dripu. Nesi akanishangaa. "Mgonjwa ni nani?" "Ni lori, dada." Akacheka mpaka akakaa chini, lakini alinipa. Ukiukunja mpira ule ukashuka na kupanda, ukatia maji yenye wino kidogo, kisha ncha moja ukaibana kwenye tundu la kijiti cha oili kwa kipande cha mpira wa baiskeli, unaona kwa macho yako injini inavyosukuma. Maji yakisogea kama upana wa kidole, lala usingizi. Yakirushwa nje, kuna jambo. Nyinyi mliucheka mpira huu nilipokuja nao Kasulu. Leo kila mmoja wenu anao kwenye droo, nimewaona.

Sasa nije kwenye gari la Kitanga, ambalo ndilo mlikuwa mnalitaka tangu mwanzo.

Ilikuwa 2014, nimesharudi Kasulu, mwezi wa saba, ile baridi ya asubuhi inayofanya watu waote jua kama mijusi. Zahanati ya huko Kitanga ilikuwa na gari moja la wagonjwa, la dizeli, kuukuu, rangi nyeupe iliyogeuka udongo. Kwa wiki kadhaa lilikuwa linatapika oili. Likiwashwa asubuhi, kijiti cha kupimia kinaruka kutoka kwenye tundu lake, oili inapaka boneti yote. Wakamwita fundi mmoja wa mjini tuliyemzoea kwa jina la Fundi Maneno. Alifungua mfuniko injini ikiwa inanguruma, mfuniko ukamtoka mkononi, oili ikamrukia usoni. Hakungoja kitu kingine. Akatangaza palepale kwamba ringi zimekwisha zote, injini ni maiti, na akawakataza wasithubutu kupanda nalo mlima. Habari ikawafikia wenye zahanati. Wakasema gari lenyewe lilishazeeka, injini nyingine hawanunui. Mkaguzi wao angekuja Ijumaa kulichukua likapigwe mnada, na lingine halikuwepo.

Aliyenipigia simu ni Nesi Imakulata, Mngoni wa Songea aliyekuwa anaiendesha zahanati ile karibu peke yake. Tulifahamiana kanisani. Hakunisalimia hata.

"Mama Gasketi, wanakuja kuchukua gari langu."

"Nimesikia. Nimeambiwa ringi."

"Mimi sijui ringi. Mimi ninaye Editha, mke wa Mwalimu Josia. Uzazi wa kwanza alipasuliwa, wa pili akapasuliwa, huyu wa tatu anakaribia. Hawezi kuzalia kwangu, Mama. Nikimwacha asukume hapa, kile kidonda cha ndani kinaweza kuachia. Lazima afike Kasulu uchungu ukiwa bado mchanga."

"Si aende mapema akakae mjini?"

"Akae kwa nani, na hao watoto wawili amwachie nani? Nimemwambia mpaka nimechoka." Akashusha sauti, "Gari lilipokatazwa mlima mwezi uliopita, mama mwingine walimpeleka kwa ngobyi. Yeye alipona. Mtoto hakupona."

Ngobyi ni ile machela ya kienyeji, mgonjwa analala, wanaume wanaibeba mabegani kwa zamu. Mimi nimebebwa nayo nikiwa mdogo, nina malaria, najua inavyoyumba kwenye miteremko. Nikamwambia Imakulata, "Kesho nakuja." Nikakata simu, nikaenda kuutia mpira wa dripu kwenye begi.

Nilifika Kitanga Jumatano mchana. Dereva wa gari lile aliitwa Hamisi, mtu wa Ujiji, mwembamba, mstaarabu, kila neno na wallahi yake. Alikuwa ndio kwanza ametoka kupeleka dawa vijiji vya jirani visivyo na mlima, injini imechemka vizuri. Nikafungua mfuniko. Kimya. Nikaulaza. Ukatetemeka kama jani, ukatulia. Nikangoja pumzi ya pili, ya tatu, nikakunja mikono, nikakunjua. Nikabana mpira wa dripu kwenye tundu la kijiti: maji yamesogea upana wa kidole, basi. Nikachomoa mpira wa kupumulia nikaupuliza. Uko wazi.

"Hamisi," nikasema, "hili gari lina afya kuliko mimi."

"Mama, wallahi, asubuhi linatapika."

"Injini yenye ringi mbovu ikipata moto ndiyo inazidi kupumua, oili imekuwa nyepesi. Hii imepata moto na imetulia. Unanichezea?"

"Mama yangu, nikuchezee nimekosa kazi? Lala hapa uone asubuhi."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Abdala na mambo yake ya kumsikiliza dereva. Nikalala kwa Imakulata. Jioni tukiwa tunachambua mchicha aliniambia jambo lingine la gari lile, akicheka. Watoto wa njiani walikuwa wamelipa jina, wanaliita Gari la Maandazi, kwa sababu likipita asubuhi moshi wake unanukia jikoni. Nikacheka na mimi, nikaendelea na mchicha. Jamani, fundi wa miaka yote ile, naambiwa gari linanukia jikoni, naendelea na mchicha!

Alhamisi jua linachungulia tulikuwa tumesimama uani, mimi na koti la Imakulata, Hamisi na kofia ya sufu. Bati la gari lilikuwa na umande. Akawasha. Injini ikashika, ikaunguruma vizuri kidogo, halafu, paa! Kijiti kikaruka, kikapiga boneti, oili ikaanza kububujika tunduni.

"Umeona? Umeona, Mama?" Hamisi alikuwa karibu afurahi.

"Nimeona. Usizime." Nikafungua mfuniko wa oili, ukanitoka mkononi kama ulivyomtoka Fundi Maneno, na mimi nikapata yangu usoni. Lakini nikauokota, nikaulaza, nikakunja mikono. Ukatetemeka kidogo. Ukatulia. Nikangoja. Umetulia tu! Nikajua hapohapo kwamba ringi ni nzima, na yule maiti wa Fundi Maneno anapumua vizuri kabisa, ila kuna kitu kimemziba pua. Mfuniko ukiwa wazi anapumulia hapo. Ukiufunga, pumzi haina pa kwenda, inatokea kwa kijiti. Nikaurudisha mfuniko, nikabana mpira wa dripu tunduni, maji yote yakaruka yakamlowesha Hamisi kofia.

"Zima!" nikasema. "Lete bisibisi."

Ila kichwa kilikuwa kinanigonga. Pua gani inaziba asubuhi na kuzibuka mchana? Jana nimeupuliza mpira ule wa kupumulia kwa mdomo wangu, uko wazi. Nikafungua kibano chake, nikautoa mpira wote, nikaupuliza tena. Mashavu yakanivimba, hakuna hewa iliyopita hata kidogo. Nikaukamua pale unapobonyea katikati, kama mtu anavyokamua dawa ya meno. Kikatoka kitu kinene, cha rangi ya chungwa.

Imakulata alikuwa ameinama begani kwangu. Akachukua kidogo kwa kidole, akanusa.

"Mbona haya ni mawese?"

"Mawese yatoke wapi ndani ya injini?"

"Mimi sijui yametoka wapi, lakini ni mawese. Chupa yangu jikoni imeganda hivihivi, nimeiweka karibu na moto iyeyuke." Akanitazama. "Gari la Maandazi, Mama."

Nilicheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko mambo yote yakajipanga. Usiku mawese yanaganda kwenye kile kibonyeo cha mpira, asubuhi injini haina pua. Ikichemka, mawese yanayeyuka, njia ya hewa inayafyonza, yanachomwa na dizeli, moshi unatoka unanukia jikoni. Fundi wa mchana anakuta mpira uko wazi. Fundi wa asubuhi anarukiwa na mfuniko na kukimbia kutangaza msiba.

Lakini bado nilitaka kujua yalikoingilia. Nikaufuata mpira mpaka kwenye kichujio cha hewa. Magari yale ya zamani yana kichujio chenye bakuli chini yake, unatia oili kidogo mpaka kwenye alama, hewa ikipita inaacha vumbi humo. Nikafungua bakuli. Limejaa mawese mpaka juu kabisa, yamepita alama vibaya sana, gari likiyumba yanamwagikia kwenye mpira. Nikageuka. Hamisi alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Hamisi?"

"Mama, oili ya bakuli ilikwisha, na kila nikiomba naambiwa ngoja. Vumbi la huku unalijua. Nikaona nisiue injini." Akavua kofia yake. "Kwetu Ujiji tunatia mawese, Mama. Baba yangu alikuwa anatia kwenye lori lake mpaka limezeeka, na cherehani tunalainisha hayohayo. Nikaona nijaze vizuri, yakae siku nyingi."

"Na kwenu ziwani mawese yanaganda?"

Akafikiri. "Hapana. Kwetu ni joto. Yanakaa majimaji mwaka mzima."

"Na hapa?"

Aliweka kwenye kiganja lile donge la mawese lililotoka mpirani, akaliangalia, uso ukamwiva. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Yule mtoto wa kwenye ngobyi."

Nilimshika mabega yote mawili. Mimi nina mdomo mkali, mnanijua, lakini saa ile sikuwa nao. Nikamwambia ukweli: alitaka kulitunza gari kwa kile alichofundishwa na baba yake, na oili ya kawaida alinyimwa. Aliyelihukumu gari bila kungoja pumzi ya pili ndiye aliyelikataza barabara. "Sasa usinililie hapa," nikasema, "nenda kalete dizeli tuoshe." Imakulata akamwambia hayohayo kwa maneno mengine, akampa chai. Alikunywa amesimama.

Tuliosha siku nzima. Bakuli, mpira, njia ya hewa, kila tundu mawese yalipopita. Nikatia oili ya injini mpaka kwenye alama, si tone zaidi, nikamfanya Hamisi aitazame alama ile na kuigusa kwa kidole. Nikarudisha oili iliyotapikwa. Sili ya nyuma ilikuwa imeanza kulia kwa sababu ya kusukumwa, lakini machozi madogo, ningeweza kuishi nayo. Kulijaribu mchana hakukuwa na maana yoyote. Mchana gari lile lilikuwa zima tangu zamani. Ilibidi tungoje baridi ya asubuhi, na asubuhi yenyewe ndiyo Ijumaa ya mkaguzi.

Ijumaa nilitoka nje nikasikia baridi ya kuuma masikio, nikafurahi. Nikamwambia Hamisi awashe. Wakati huohuo nikaona watu wanashuka kwa haraka kwenye kijia cha migomba. Mwalimu Josia mbele, nyuma yake Editha, ameshikiliwa na mama mkwe wake, anatembea kidogo anasimama, anatembea anasimama.

"Umeanza lini?" Imakulata alimuuliza.

"Alfajiri," Editha akasema. Alikuwa amenyooka mgongo, mkono uko chini ya tumbo. "Unakuja na kuondoka. Nesi, gari lipo?"

Imakulata alinigeukia mimi. Wanaume wa jirani walishasikia, tayari wamekuja na ngobyi wameiegemeza ukutani, wanangoja neno. Mwalimu Josia naye ananitazama, na mama mkwe, na Hamisi kupitia kioo.

"Mama Gasketi," Imakulata akasema, "uniambie ukweli. Likinifia mlimani na huyu mama ndani, siwezi kumrudisha wala kumfikisha. Nimpakie?"

Wanangu, nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijawahi kuulizwa swali kama lile. Nilibana mpira wa dripu tunduni. Maji yalisogea upana wa kidole, yakasimama. Nikafungua mfuniko: hakuna hasira, hakuna oili usoni. Nikaulaza, nikakunja mikono, na watu wote wale wamenizunguka, Editha anapumua kwa mdomo, mwanaume mmoja anasema, "Anangoja nini huyu mama?" Nilikuwa nangoja pumzi ya pili. Ikaja, ndogo kama ya mtoto aliyelala. Nikangoja na ya tatu.

"Mpakie," nikasema.

Waliingia Editha, mumewe na Imakulata. Kwangu hapakubaki nafasi, na mtu ilibidi abaki na zahanati hata kama hajui hata kufunga bandeji. Hamisi alitoa breki, akaniangalia. "Usilibembeleze," nikamwambia. "Lipe mafuta lipande." Nikasimama barabarani nikalisikiliza likikata kona, likianza mlima, likibadilisha gia. Mama mkwe alikuwa amenishika mkono na ananiumiza. Sauti haikuyumba hata mara moja. Ilipanda, ikapanda, ikavuka upande wa pili, ikapotea. Wale wanaume wakaichukua ngobyi yao wakairudisha ilikotoka, mmoja anaimba.

Mkaguzi alifika jua limeshapanda, kwenye lori la magunia, ameshuka amejaa vumbi la mahindi. Alikuwa injinia, mtu wa makamo, mtaratibu, na dereva wa kulivuta gari hakuwa naye. Alikuwa ameambiwa gari litasukumwa mteremko mpaka barabara kuu, huko litachukuliwa.

"Mwakeye, mama," akanisalimia kwa Kiha. "Nimekuja kwa ajili ya gari bovu. Liko wapi?"

"Limekwenda Kasulu."

"Limevutwa na nani?"

"Limejivuta lenyewe, na mjamzito ndani."

Alijipangusa shati. "Kuna gari jeupe tumepishana nalo mlimani," akasema. "Linapanda utadhani limeibwa. Dereva wa lori akalipisha mpaka akaingia majani."

"Ndilo hilo."

"Lile lenye ringi mbovu?"

Basi nikamweleza yote, na niseme haki yake, alisikiliza. Hakunikatiza, hakucheka pasipochekesha. Nilipofika kwenye mawese aliomba kuyaona, nikamwonyesha niliyoyahifadhi kwenye kopo. Akasema kwao kule Iringa wangefanya kosa hilihili kwa samli. Halafu akakaa kwenye benchi la wagonjwa, nikamchemshia chai, tukangoja wote wawili. Mimi sikuwa nangoja gari tena. Gari nilishalijua. Nilikuwa nangoja Editha.

Mchana tulisikia honi, mbali, juu ya mlima, honi ya mtu aliyeiegemea kwa kiwiko. Hamisi aliingia uani anacheka na kulia pamoja. Imakulata akafungua mlango kabla gari halijasimama.

"Wa kike!" akapiga kelele. "Wamempasua, ametoka analia, mama mzima, anaomba uji! Daktari amesema tungechelewa kidogo tu..." Alinikumbatia na gauni lake lenye damu na dawa, na mama mkwe akaachia vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Nililia, ndiyo. Nani asingelia?

Mkaguzi alingoja tutulie. Kisha akakunja mikono ya shati, akamwambia Hamisi aache injini inaunguruma, akafungua boneti mwenyewe. Alifungua mfuniko wa oili, akaugeuza, akaulaza. Akakunja mikono kama mimi. Tulisimama wote tukiutazama mfuniko ule usiofanya chochote. Alingoja muda mrefu kuliko hata mimi ningengoja. Akaufunga, akashusha boneti, akajipangusa vidole kwa leso.

"Mna mgonjwa mwingine wa kwenda mjini leo?" akauliza.

"Yuko mzee wa kifua," Imakulata akasema. "Kwa nini?"

"Kwa sababu gari la mnada hapa sijaliona, lori langu limeshaondoka," mkaguzi akasema, "na mimi ninaomba lifti."

Imakulata alimtazama kwa raha ambayo sijawahi kumwona nayo mtu. "Mbele anakaa mgonjwa, mheshimiwa. Wewe panda nyuma."

Akapanda nyuma.